Fedha zimelipwa, taarifa haijafika: mzigo utoke au usitoke?

Lori limeegeshwa mbele ya ghala la nafaka, makuli wamekalia magunia, na dereva anatazama saa. Mnunuzi anaonyesha simu yake: ujumbe wa M-Pesa unasema amelipa Sh. 64,000. Karani anatazama kompyuta yake: ankara ya mnunuzi huyo bado inasomeka "haijalipwa".

Mzozo wa namna hii unaweza kuikuta biashara yoyote iliyounganisha vitabu vyake vya mauzo na malipo ya simu, iwe Nyamakima jijini Nairobi au kwenye duka la vipuri mjini Kisumu. Fedha zimetoka kweli kwa mnunuzi na zimeingia kweli katika akaunti ya muuzaji. Kilichopotea njiani ni habari.

Hasara yake hata hivyo si ndogo. Muuzaji akikataa kutoa mzigo, mteja aliyelipa kihalali ataondoka na manung'uniko na pengine hatarudi. Akikubali kutoa mzigo kwa kuonyeshwa simu tu, ipo siku ataonyeshwa ujumbe wa kughushi na magunia yatakwenda bure.

Chombo kinachobeba habari hiyo kutoka kwa kampuni ya malipo hadi kwenye kompyuta ya muuzaji huitwa na wataalamu webuhuku. Wafanyabiashara wengi hawalijui jina hilo, lakini faida yao ya kila siku inapita humo.

TARISHI, SI HUNDI

Kwa kawaida programu moja hupata habari kutoka kwa nyingine kwa kuuliza. Programu ya ankara inaweza kuuliza M-Pesa kila baada ya dakika chache: je, fulani amelipa? Hiyo ni sawa na kumtuma mtoto posta kila saa kuuliza kama barua imefika. Miguu inachoka, na mara nyingi jibu ni hapana.

Webuhuku inageuza utaratibu huo. Muuzaji anaiachia kampuni ya malipo anwani yake ya intaneti. Malipo yanapofanyika, kampuni yenyewe inamtuma tarishi hadi kwenye anwani hiyo akiwa na taarifa: nani amelipa, kiasi gani, saa ngapi, kwa namba gani ya risiti.

Jina webuhuku lilianza kutumiwa mwaka 2007 na mtaalamu wa programu wa Marekani, Jeff Lindsay. Mwezi Machi mwaka huo huo Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, kampuni hiyo ilifungua Daraja, mlango ambao kwa huo programu za biashara huzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Stripe na PayPal za Marekani, na Paystack iliyoanzia Nigeria, nazo hutumia matarishi wa aina hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ambalo mwenye biashara anapaswa kulielewa ni kwamba tarishi si hundi. Anabeba habari za fedha, habebi fedha zenyewe. Anaweza kuchelewa, anaweza kuja mara mbili, anaweza asifike kabisa, na mtu mwingine anaweza kuvaa sare yake. Mfumo unaofaa kwa biashara ni ule uliojengwa kwa kutazamia kwamba yote manne yatatokea.

NJIA MBILI, TARATIBU MBILI

Malipo ya M-Pesa humfikia muuzaji kwa njia kuu mbili, na kila moja ina tarishi wake. Kuzichanganya ndiko chanzo cha matatizo mengi ya mwanzo.

Njia ya kwanza ni ile mteja anayoianza mwenyewe. Anafungua simu, anaandika namba ya Paybill, namba ya akaunti na kiasi, kisha namba yake ya siri. Hapa muuzaji husajili Daraja anwani mbili mapema: moja ya uhakiki na nyingine ya uthibitisho.

Anwani ya uhakiki huulizwa kabla fedha hazijapita: je, akaunti hii ipo, tuyapokee malipo haya? Programu ya muuzaji hujibu ndiyo, au hukataa kwa kutaja sababu. Kwa mfano, C2B00012 ni namba ya kusema akaunti si sahihi, na C2B00013 ni ya kusema kiasi si sahihi. Anwani ya uthibitisho hupewa habari baada ya fedha kupita, na hapo hakuna tena la kukataa.

Uhakiki hauji wenyewe. Ni lazima muuzaji aombe Safaricom wauwashe kwa namba yake ya biashara. Wapo wanaosubiri kwa siku kadhaa taarifa za uhakiki ambazo hazitakuja, wakidhani programu yao ni mbovu, kumbe hawajaomba.

Wakati wa kusajili, muuzaji huulizwa pia malipo yafanywe nini iwapo anwani yake ya uhakiki haipatikani: yakamilishwe au yafutwe. Hili si swali la fundi. Ni uamuzi wa mwenye biashara. Duka la jumla linaweza kuona heri fedha ziingie na makosa yarekebishwe baadaye. Shule au chama cha akiba kinaweza kuona heri malipo yenye namba isiyojulikana yakataliwe pale pale, kwa kuwa kutafuta mwenye fedha baadaye ni kazi kubwa.

Njia ya pili ni ile muuzaji anayoianza. Programu yake inatuma ombi, na dirisha linajitokeza kwenye simu ya mteja likimtaka aandike namba ya siri. Njia hii, iitwayo STK, haihitaji kusajili anwani mapema, kwa sababu kila ombi hubeba ndani yake anwani ya kuletewa majibu.

Ni katika njia hii ya pili ambapo kosa moja limewagharimu wengi. Mara tu ombi linapotumwa, Daraja hujibu kwa namba 0. Fundi asiye mwangalifu huiona sifuri hiyo na kuandika kwenye ankara "imelipwa". Sifuri hiyo ya kwanza ina maana moja tu, kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajaandika namba yake ya siri, na anaweza akafunga simu na kwenda zake. Sifuri ya malipo ni ile ya pili, inayoletwa na tarishi.

ANWANI YA KUPOKELEA

Anwani ya kupokelea taarifa ni lazima iweze kufikiwa kutoka nje. Kompyuta iliyo mezani kwa fundi, ndani ya mtandao wa ofisi, haionekani na Daraja hata ikiwa imeunganishwa na intaneti. Wakati wa majaribio mafundi hutumia huduma za njia ya muda kama ngrok ili kompyuta hiyo ionekane, lakini kwa kazi halisi Safaricom huzikataa anwani za huduma hizo.

Anwani ya kazi halisi ni lazima ianze na HTTPS, yaani iwe na cheti cha usalama. Aidha, isiwe na maneno kama M-PESA au Safaricom ndani yake. Muuzaji aliyeita anwani yake kwa jina la huduma, akidhani anajirahisishia kazi, atakuta usajili wake unakataliwa.

Tofauti nyingine kubwa ipo kati ya uwanja wa majaribio na kazi halisi. Katika majaribio, anwani za njia ya kwanza zinaweza kusajiliwa na kubadilishwa mara kwa mara. Katika kazi halisi husajiliwa mara moja, na kuzibadilisha kunahitaji za zamani zifutwe kwanza. Kampuni inayohamisha tovuti yake kwenda kwenye jina jipya bila kuliweka hilo akilini huendelea kupelekewa barua kwenye nyumba iliyokwisha kuihama.

MASWALI MANNE YA FUNDI

Taarifa isipoonekana, wengi hukimbilia kulaumu kampuni ya simu. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Mara nyingi, hata hivyo, kasoro iko upande wa muuzaji, na inaweza kupatikana kwa maswali manne yanayoulizwa kwa mpangilio.

Swali la kwanza: je, barua ilitumwa? Kama ombi lenyewe halikupokelewa na Daraja, hakuna majibu ya kusubiri. Kibali ambacho programu hupewa ili izungumze na Daraja hudumu sekunde 3,600, yaani saa moja. Programu inayofanya kazi vizuri asubuhi na kukwama saa moja baadaye, kisha ikafanya kazi tena inapowashwa upya, mara nyingi inatumia kibali kilichokwisha muda wake. Katika hatua hii ni vema pia kuangalia kama funguo zinazotumika ni za kazi halisi au zimesahauliwa zile za majaribio.

Swali la pili: je, barua ilifika mlangoni? Kila seva ya tovuti huwa na daftari linaloandika kila aliyebisha hodi, saa aliyokuja na jibu alilopewa. Hapa ndipo fundi anapopaswa kuanzia, kabla ya kugusa programu yenyewe. Kama daftari halionyeshi mgeni yeyote kwa saa ya malipo, tarishi alizuiwa njiani.

Vizuizi vya njiani ni vichache na vinajulikana. Ukuta wa ulinzi wa seva unaweza kuwa unawakataa wageni wasiojulikana. Safaricom hutoa orodha ya anwani za IP ambazo matarishi wake hutokea, na orodha hiyo inapaswa kuruhusiwa. Jina la tovuti linaweza kuwa halijaelekezwa kwenye seva mpya. Cheti cha usalama kinaweza kuwa kimekwisha.

Cheti kinastahili uangalizi wa pekee. Biashara nyingi hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo hutolewa kwa siku 90 na hupaswa kujihuisha vyenyewe. Zamani shirika hilo lilikuwa likituma barua pepe za kukumbusha kabla cheti hakijaisha. Liliacha kufanya hivyo mwezi Juni 2025. Mwenye seva ambaye utaratibu wake wa kuhuisha umekwama hana tena wa kumwamsha, isipokuwa awe ameweka kengele yake mwenyewe.

Tena, tovuti kufunguka vizuri kwenye simu ya mwenye duka si ushahidi kwamba cheti ni kamili. Cheti huambatana na vyeti vya wadhamini wake, na seva inapaswa kuvitoa vyote. Vivinjari vingi vikikosa kimojawapo hukitafuta vyenyewe na kuendelea. Programu za malipo kwa kawaida hazifanyi hivyo. Hukata mazungumzo na kuondoka.

Swali la tatu: je, barua ilifika ikakataliwa? Hapa daftari la seva huonyesha mgeni, lakini jibu alilopewa si 200. Namba ya jibu ndiyo humwonyesha fundi pa kutazama.

Jibu la 404 lina maana kwamba njia iliyoandikwa haipo, pengine kwa sababu ya herufi moja au mkwaju mmoja wa mwisho. Majibu ya 301 na 302 humwambia mgeni aende mlango mwingine, kwa mfano kutoka anwani isiyo na "www" kwenda yenye "www". Mtu mwenye kivinjari hupelekwa bila kujua. Tarishi wa malipo asitegemewe kufuata maelekezo hayo. Anwani iliyosajiliwa iwe ile ya mwisho kabisa.

Majibu ya 403 au 419 mara nyingi hutokana na ulinzi uliomo ndani ya programu yenyewe. Mifumo kama Laravel na Django hukataa fomu yoyote isiyo na alama ya siri iliyotolewa na tovuti hiyo hiyo. Ulinzi huo ni mzuri kwa fomu za wateja, lakini tarishi wa malipo hana alama hiyo wala hawezi kuwa nayo. Fundi anapaswa kuiondoa njia hiyo moja katika ulinzi huo, na kuilinda kwa namna nyingine.

Jibu la 500 lina maana kwamba programu imeanguka wakati ikisoma barua. Kwa malipo ya STK chanzo kimoja hujirudia. Malipo yanapofaulu, taarifa huja na orodha ya maelezo: kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu. Malipo yanaposhindikana, orodha hiyo haimo. Programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba orodha itakuwepo daima huanguka kila mteja anapoghairi, na ankara yake hubaki ikining'inia.

Swali la nne: je, barua ilipokelewa isiandikwe? Daftari linaonyesha 200, kila kitu ni shwari, lakini ankara haijabadilika. Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote kwa sababu halipigi kelele.

Katika njia ya Paybill, mteja huandika namba ya akaunti kwa mkono wake. Ataacha nafasi katikati, ataandika herufi O mahali pa sifuri, au ataandika jina lake. Programu inayotafuta namba inayofanana herufi kwa herufi haitaiona ankara, na kama fundi hakuandaa mahali pa kuweka malipo yasiyo na mwenyewe, taarifa itatupwa kimya kimya.

Namba ya simu nayo si kitambulisho cha kutegemea. Programu moja inaiandika kwa 07, nyingine kwa 2547. Aidha, katika malipo ya Paybill Safaricom ilianza kuificha namba ya mlipaji ili kulinda siri za wateja. Biashara zilizokuwa zikimtambua mteja kwa namba yake ya simu zililazimika kubadili utaratibu. Kitambulisho cha kweli cha malipo ni namba ya risiti ya M-Pesa, na kwa STK ni namba ya ombi ambayo programu ilipewa ilipotuma ombi lake.

Saa nayo ina hila yake. Seva nyingi huwekwa kwenye saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Malipo ya saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne yakiandikwa kwa saa ya seva yataangukia Jumatatu. Fedha zitakuwa kamili, lakini hesabu za siku mbili zitakataa kulingana, na mhasibu atapoteza asubuhi nzima akitafuta pengo ambalo halipo.

KUSOMA NAMBA ZA MATOKEO

Si kila malipo yaliyoshindikana ni hitilafu. Taarifa ya STK huja na namba ya matokeo, na karani akizifahamu chache ataweza kuzungumza na mteja bila kumwita fundi.

Namba 0 ni malipo yamefaulu. Namba 1 ni salio halitoshi. Namba 1032 ni mteja ameghairi mwenyewe. Namba 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu dirisha kwa wakati. Namba 2001 kwa kawaida huashiria namba ya siri iliyokosewa. Namba 1001 huonyesha kwamba mteja huyo ana muamala mwingine unaoendelea, na dawa yake ni kusubiri kidogo kabla ya kujaribu tena.

Biashara inayoandika "imeshindikana" kwa hali zote hizi humfanya karani abahatishe. Anayeona 1037 anaweza kumwomba mteja awashe simu na kurudia. Anayeona 1 hana haja ya kurudia mara 5.

TARISHI ANAPOKUJA MARA MBILI

Kampuni za malipo hazipendi taarifa zipotee, kwa hiyo nyingi huzirudia zisipopata jibu jema. Stripe huendelea kujaribu hadi siku 3, ikiongeza muda kati ya jaribio na jaribio. PayPal hujaribu hadi mara 25 katika muda wa siku 3. Paystack nayo huendelea hadi saa 72.

Utaratibu huo ni wa faida, lakini una upande wa pili. Seva ya muuzaji inaweza kupokea taarifa, ikaiandika vizuri, kisha ikachelewa kujibu. Mtumaji hajui kwamba imeandikwa. Anaituma tena. Programu isiyojilinda itaandika malipo mawili, na mteja aliyelipa Sh. 64,000 ataonekana amelipa Sh. 128,000.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Namba ya risiti iwekwe katika hifadhi ya kumbukumbu kwa sharti kwamba haiwezi kuandikwa mara mbili. Taarifa ya pili ikija na namba ile ile, programu ijibu kwa adabu kwamba imepokea, isifanye lolote.

Kinga ya pili ni kujibu haraka. Mapokezi yafanye mambo mawili tu: kuhifadhi taarifa kama ilivyokuja, na kujibu. Kazi nyingine zote, kama kutafuta ankara, kupunguza stoo, kutuma ujumbe kwa mteja na kuchapa hati ya kutolea mzigo, zifanyike baadaye kwa foleni. Programu inayomsimamisha tarishi mlangoni hadi hati ichapwe ndiyo inayojiletea taarifa za kurudiwa.

Kwa huduma ambayo haikuahidi kurudia, hali ni nyingine. Hapo taarifa iliyokosa mlango imepotea, na muuzaji asikae akisubiri. Inabidi aulize mwenyewe, kama itakavyoelezwa.

TARISHI WA BANDIA

Wauzaji wa Kenya wanaufahamu wizi wa ujumbe wa kughushi wa M-Pesa. Webuhuku inaweza kughushiwa vile vile. Anwani ya kupokelea iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeijua anaweza kuiletea taarifa yenye sura ya malipo.

Stripe na Paystack hulikabili hilo kwa sahihi ya siri. Kampuni na muuzaji wana ufunguo mmoja ambao hautumwi njiani. Kila taarifa huja na sahihi iliyokokotolewa kwa ufunguo huo pamoja na maneno yote ya taarifa. Muuzaji hukokotoa upya na kulinganisha. Maneno yakibadilika hata nukta moja, sahihi hailingani. Stripe huweka pia saa ndani ya sahihi, na programu zake kwa kawaida hukataa taarifa iliyozidi dakika 5, ili mtu asichukue ya jana na kuileta leo.

Mafundi hukwama hapa kwa kosa moja maarufu. Programu huifungua taarifa, huipanga upya, ndipo huikokotoa. Nafasi moja ikihama, sahihi inakataa ingawa taarifa ni halali. Ukokotoaji ufanyike juu ya maneno yale yale yaliyofika, kabla hayajaguswa. Saa ya seva iliyopotoka kwa dakika kadhaa huleta kilio hicho hicho.

Mahali ambapo taarifa haina sahihi ya namna hiyo, ulinzi hutengenezwa kwa tabaka. Mlango uruhusu anwani za IP za kampuni ya malipo pekee. Njia ya anwani iwe na maneno marefu yasiyokisika. Kiasi kilichotajwa kilinganishwe na ankara. Na kwa mzigo wa thamani kubwa, muuzaji aiulize kampuni ya malipo kama risiti hiyo ipo kweli kabla ya kufungua ghala.

KUFUNGA HESABU

Daraja lina njia ya kuuliza. Ombi la STK linaweza kuulizwa kwa namba yake, na muamala wowote unaweza kuulizwa kwa namba ya risiti. Ifahamike tu kwamba jibu la muamala halirudi papo hapo. Nalo huletwa na tarishi, kwenye anwani iliyotajwa katika swali. Kama mlango ndio uliofungwa, jibu hilo pia litapotea.

Kwa hiyo utaratibu wa busara una hatua mbili. Kwanza, ombi lolote la STK lisilo na majibu baada ya dakika chache liulizwe na programu yenyewe, bila kusubiri mteja alalamike. Pili, kila jioni taarifa ya akaunti ya M-Pesa ya biashara ilinganishwe na vitabu, risiti kwa risiti. Zilizoko M-Pesa na hazimo vitabuni ni taarifa zilizopotea. Zilizomo vitabuni na haziko M-Pesa ni jambo la kushtua, na mwenye biashara aitwe usiku ule ule.

Ulinganifu huo wa jioni ndio unaoonyesha afya ya mfumo mzima. Biashara inayoona pengo moja kwa wiki ina hitilafu ndogo. Inayoona mapengo 10 tangu saa fulani ya mchana ina cheti kilichokwisha, ukuta uliobadilishwa, au seva iliyojaa. Kwa kutazama saa ya pengo la kwanza, fundi hupata nusu ya jibu kabla hajafungua kompyuta.

Taarifa ghafi zinazohifadhiwa nazo zitunzwe kwa uangalifu, kwani zina majina na namba za watu, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Aidha, funguo za siri zisiachwe mikononi mwa fundi wa mkataba pekee. Fundi akiondoka nazo, hitilafu ya dakika 10 hugeuka ya wiki mbili.

Kwa mwenye ghala, yote haya yanarudi kwa karani na lori lililosimama. Karani mwenye kitufe cha kuulizia risiti hana haja ya kubishana. Anaandika namba iliyo kwenye simu ya mnunuzi, anasubiri kidogo, na M-Pesa yenyewe inasema ndiyo au hapana. Mnunuzi wa haki anaondoka na mzigo wake, na mwenye ujumbe wa kughushi anaondoka mikono mitupu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya leo habari ndizo zinazoliandika daftari, na mlango wa habari ukifungwa, mali inaweza kuwa imeingia na mwenyewe asijue.